Wembe, utepe na tarakilishi: kisa cha albamu ya TNT

Leo naziweka programu kando kidogo, ingawa mtaona hazikai mbali.

Kwa miaka mingi niliisema vibaya albamu ya TNT ya bendi ya Tortoise ya Chicago, iliyotoka mwaka 1998. Watu waliisifu kwa kuchanganya jazi na roki ya hesabu, mimi nikiita udanganyifu. Nilidhani jazi ni watu kukaa chumba kimoja na kujibizana papo hapo. TNT ilirekodiwa kwenye diski ya tarakilishi, kisha John McEntire, mmoja wa wapiga ngoma wao, akaketi na programu ya Pro Tools, akikata hapa na kubandika pale. Mimi hukata na kubandika kila siku kazini. Najua mambo yanavyoharibika!

Lakini hebu tuangalie waliopiga. Mmoja ni David Pajo, aliyetoka Louisville, Kentucky, katika bendi ya Slint. Albamu yao ya Spiderland ya mwaka 1991 huhesabiwa kuwa mojawapo ya mizizi ya roki ya hesabu. Roki ya kawaida huhesabu 1 hadi 4 na kurudi mwanzo. Hii huhesabu 5, au 7, na pengine kila chombo kina hesabu yake. Mmoja akizunguka kwa 4 na mwenzake kwa 7, hawaanzi tena pamoja mpaka mapigo 28 yapite. Mwanaprogramu ataielewa raha hiyo, na hofu yake pia.

Mwingine ni mpiga gitaa Jeff Parker, ambaye TNT ndiyo albamu yake ya kwanza na Tortoise. Yeye ni mtu wa jazi, mwanachama wa AACM, chama cha wanamuziki kilichoanzishwa Chicago mwaka 1965. Rob Mazurek, mpuliza tarumbeta wa jazi wa mji huo huo, naye akaalikwa.

Sikiliza wimbo wa kwanza. Ngoma zinaanza kama mtu anayetafuta njia gizani. Gitaa linaleta kauli fupi, linairudia, na wengine wanajipanga juu yake mmoja mmoja. Ulegevu wa jazi umo, na ukaidi wa hesabu umo.

Kilichonivunja kiburi ni albamu nyingine niipendayo sana: In a Silent Way ya Miles Davis, ya mwaka 1969. Upande wa pili unaanza kwa sauti ya upole, na mwishoni upole huo unarudi. Niliamini wanamuziki waliupiga tena. Kumbe ni rekodi ile ile! Mtayarishaji Teo Macero alikata utepe kwa wembe, akaunganisha nakala mwishoni. Kunakili na kubandika, miaka 29 kabla ya TNT, na sikio langu halikushtuka hata siku moja.

Basi nimeyameza maneno yangu. Wembe wa Macero na tarakilishi ya McEntire vilichagua tu kati ya vitu ambavyo mikono ya watu ilikuwa imeshavitoa. Pajo aliondoka baada ya albamu hiyo; Parker akabaki. Mimi nimeirudisha TNT kwenye rafu, karibu na Miles.

Tuonane wiki ijayo.