Stesheni ya Sigi, Mwisho wa Reli ya Msituni

Reli ya kutoka Tanga ilipofika Muheza mwaka 1896, walowezi wa Kijerumani macho yao yalikuwa kwenye kahawa. Kahawa ya Usambara Mashariki ikawavunja moyo, lakini msitu ulikuwa palepale, na ndani yake mivule. Kampuni moja ya mbao ikaamua kuufuata kwa reli yake yenyewe. Kuanzia mwaka 1904 hadi 1910 ilijengwa njia ya kilomita 23 hivi, kutoka Tengeni kwenye reli kuu hadi bonde la Mto Sigi. Huko mwisho wa njia, chini ya milima ya Amani, ndiko ilikokuwa stesheni yetu.

Reli kuu ilikuwa na upana wa mita moja; ya Sigi, sentimita 75 tu. Wembamba huo uliifaa kwa kona kali za milimani, ila behewa la Sigi halikuweza kuendelea hadi Tanga. Kila gogo lililotoka msituni lilishushwa Tengeni na kupakiwa upya kwenye behewa jingine, ndipo lianze safari ya bandarini. Aliyewahi kuinua ubao mbichi wa mvule atajua shughuli iliyokuwapo pale.

Magogo hayakuwa shehena pekee. Juu ya Sigi, kwenye mwinuko wa takriban mita 900, Wajerumani walikuwa wameanzisha mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo ya Amani, na stesheni ikawa mlango wake wa chini kwa watu na mizigo yake. Baada ya hapo ni kupanda mlima. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Amani iligeuzwa kiwanda, ikitengeneza hata sabuni na kwinini kwa ajili ya jeshi, mpaka Waingereza walipoiteka mwaka 1916.

Biashara ya mbao ilikuwa ngumu tangu awali. Msitu wa Usambara una miti ya kila namna iliyochanganyika, na yenye soko imetawanyika mmoja mmoja. Njia ya Sigi haikudumu: leo garimoshi halipo wala reli zake.

Nyumba ya stesheni masta ndiyo iliyonusurika. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa na zaidi ya hekta 8,000, na nyumba hiyo imepata kazi mpya: kupokea wageni na kuwaonyesha historia ya msitu. Naona ni heshima inayostahili. Jengo lililowekwa ili miti iondoke sasa linailinda ibaki.

Kinachoniuma ni kwamba historia ya Amani husimuliwa kwa majina ya wataalamu wa Kijerumani, huku waliopasua miamba, kulaza mataruma na kusukuma magogo wakitajwa kwa jumla tu kama vibarua. Wajukuu wao wangali Muheza. Waulizwe sasa, na watakayoyakumbuka yaandikwe na kuwekwa ukutani mle mle ndani ya nyumba ya stesheni masta.