Mwali wa Kilombero hakuhitaji kinyago

Kwa Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma, anayefunikwa uso ni mchezaji. Fundi huchonga kinyago kwa mti mwepesi, na chale hutengenezwa kwa nta. Mwanamume akishakivaa, wanawake na watoto huambiwa huyo si mtu, ni mzimu. Kijana akitiwa jandoni ndipo anapofunuliwa siri, akakuta chini ya kile kinyago pengine ni jirani yao. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka nchi hiyo akikusanya vitu vya makumbusho ya Leipzig, na sifa ya vinyago ikavuka bahari.

Bonde la Kilombero halina sifa hiyo. Kwa Wapogoro na Wandamba aliyefunikwa alikuwa mwali mwenyewe. Binti akivunja ungo aliwekwa ndani, wanaume wasimwone, kungwi akimfunda usafi, heshima na mambo ya ndoa. Zamani ilikuwa miezi, na wengine walikaa zaidi hadi posa ikatimia. Siku ya kumtoa alifunikwa nguo gubigubi, ngoma ikilia, ndugu wakitoa vyao ndipo uso uonekane. Mtu mzima yeyote pale uwanjani alijua ni binti wa nani, lakini shauku haikupungua hata kidogo.

Mapadri hawakuupenda unyago, wakiwemo Wakapuchini wa Uswisi waliofika mwaka 1921. Kilichoupunguza hasa, kwa maoni yangu, ni kengele ya shule: mwanafunzi hawezi kufungiwa mwaka mzima, basi siku chache za likizo zikatosha.

Aliyeuandika kwa kirefu alikuwa, ajabu, mtaalamu wa kupe na mbung'o. Rudolf Geigy wa Basel ndiye aliyefungua maabara Ifakara, ile ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1951, pamoja na padri Georg Höltker, alichapisha katika jarida la Acta Tropica makala ndefu kuhusu unyago wa wasichana wa Wilaya ya Ulanga, ambayo wakati huo ilikuwa na Ifakara ndani yake.

Kinyago kilisafirishwa kikatundikwa ukutani Ulaya. Kanga ya mwali ilifuliwa ikavaliwa sokoni. Na makala ya Geigy iko kwa Kijerumani, wakati wali wa miaka ile, walio hai, ni mabibi waliokwishapita miaka 80.