Mlio wa Mbele: Historia ya Ufundi wa Malori Kusini mwa Nyanza

Milima ya Gwassi ni mabaki ya volkano ya kale ya Kisingiri, na mawe yake hayajawahi kulihurumia gari. Barabara inayotoka Mbita kupitia Sindo na Magunga hadi Sori, upande wa Karungu, ilikuwa ya murram kwa miongo mingi: mawe yaliyochongoka milimani, mitaro iliyokatwa na mvua, na kwa anayekwenda Lambwe, udongo mweusi unaonata hadi kwenye ekseli. Gari la mizigo lililozoea njia hizi lilianza kulalamika mbele kabla injini haijachoka. Anayetafuta historia ya ufundi wa magari sehemu hizi atafanya vyema kuanzia chini ya bampa.

Mwanzoni mizigo ilikuja kwa maji. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, na meli za ziwani zikaunganisha mji huo na bandari ndogo za kusini kama Kendu Bay, Homa Bay na Karungu. Lori lilifuata baadaye, tena pale ambapo palikuwa na kitu kizito cha kubeba. Mgodi wa Macalder, ulio Nyatike, ulichimba dhahabu na shaba hadi ulipofungwa 1966, na reli haikuwahi kufika huko. Pamba, mahindi na karanga nazo zilihitaji magurudumu ili zifike ufukweni.

Malori ya enzi hizo, hadi Bedford zilizotamba baada ya vita vya pili vya dunia, yalikuwa na umbo rahisi mbele: ekseli moja ya chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, springi za vyuma vya matabaka juu yake, na kingpini kila upande ili gurudumu ligeuke. Umbo rahisi, maradhi machache. Kingpini iliyonyimwa grisi hula bushi yake ya shaba, kisha gurudumu likiinuliwa kwa jeki na kutikiswa juu na chini hucheza na kugonga. Dawa ni kung'oa pini iliyoshika kutu, kazi inayoweza kumaliza mchana mzima wa nyundo na moto, kutia bushi mpya na kuipanua kwa rima mpaka pini iingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Springi nayo ina sentabolti inayofunga matabaka pamoja. Bolti hiyo ikikatika, ekseli husogea nyuma upande mmoja, na dereva huanza kupigana na usukani bila kujua kwa nini.

Nani alijua haya? Kwa muda mrefu, mafundi wa Kisikh. Wengi walitokana na jamii za waashi, maseremala na wahunzi waliokuja kwa ajili ya reli, na reli ilipokwisha wakafungua gereji mijini. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho na kushinda Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976, alianza maisha akiwa makanika. Katika gereji kama hizo kijana Mwafrika aliingia akiwa spana boi: akaosha vyuma kwa petroli, akashika taa, akapeana spana namba 14 kabla hajaambiwa. Hakufundishwa. Aliachwa aone.

Mlango wa pili ulikuwa jeshi. Vita vya pili vya dunia vilihitaji madereva na makanika, na Waafrika wengi wa Kenya walijifunza lori katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika Mashariki. Kwa Waluo kulikuwa na mlango wa tatu, karakana za reli za Nairobi na Kisumu, ambako waliajiriwa kwa wingi. Halafu, baada ya uhuru, sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwabana wafanyabiashara wa Kiasia wasiokuwa na uraia, na 1968 wengi wakaondoka nchini. Pale gereji zilipofungwa, spana boi wa jana alibaki na ujuzi, na pengine sanduku la spana, lakini bila paa.

Hiyo ndiyo jua kali yenyewe: kivuli cha mti, shimo lililochimbwa ardhini badala ya jeki ya kisasa, na wateja wasiokwisha. Serikali ilichelewa kuitambua. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya 1972, ndiyo iliyoifanya dunia ione kwamba sekta hii isiyo rasmi inalisha watu. Mwaka uliofuata Rais Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni za usafiri wa umma, na pikapu zenye viti vya mbao nyuma zikaenea mashambani. Rais Moi alipotembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985 na kuagiza wajengewe vibanda, mafundi wa vijijini walikuwa wameshazoea kazi ya juani.

Pikapu ndiyo iliyobadilisha mlio.

Lori la ekseli moja liligonga kwa sauti nzito, na wenye makosa walikuwa wachache. Pikapu za Kijapani zilizoletwa au kuunganishwa nchini, ambako kiwanda cha General Motors kilianza kuunda magari 1977, zilikuja na amu mbili kila upande, ya juu na ya chini, boljointi kwenye ncha, bushi za raba kwenye mashina, na mara nyingi tosheni ba: fimbo ndefu ya chuma inayojipinda badala ya springi. Hata Hilux ya 4x4, iliyokuwa na ekseli na springi za matabaka mbele, hatimaye ilihamia mtindo huu. Katika miaka ya 80 mbuta ilijaa ziwani, na magari yaliyosheheni samaki na barafu yakaanza kufukuzana kutoka fuo kama Nyandiwa na Sori kuwahi viwanda. Mzigo mzito, barabara mbaya, haraka. Raba hazikudumu.

Fundi mzuri wa kizazi hiki ni msikilizaji. Kelele ya "kwii" gari likipanda na kushuka polepole ni raba iliyokauka. Akimwagia maji bushi moja na kelele ikanyamaza kwa dakika chache, ameshampata mwizi. Kugonga kwepesi kwenye vijishimo vidogo, usukani ukiwa umenyooka, humpeleka kwenye raba na linki za stabilaiza. Kugonga kuzito gari likikata kona au likipigwa breki ni amu au boljointi.

Akishasikia, huhakikisha. Kwenye gari ambalo tosheni ba imefungwa kwenye amu ya chini, huweka jeki chini ya amu hiyo, karibu na gurudumu, ili boljointi iachwe bila mzigo. Ukiinua fremu, tosheni ba huendelea kuibana na ubovu hujificha. Kisha huingiza mtaimbo chini ya tairi na kuinua. Gurudumu likicheza juu na chini, mwenzake hukanyaga breki: mchezo ukiisha, kosa ni beringi, ukibaki, ni boljointi au kingpini. Akilishika kushoto na kulia, mchezo huelekeza kwenye tairodi. Mkono wake mwingine huwa juu ya kiungo chenyewe, maana kidole husikia kabla ya sikio.

Kuna kosa moja ambalo gereji nyingi hulirudia, na halitokani na uhaba wa vifaa. Bushi mpya za amu hufungwa gari likiwa bado juu ya jeki, magurudumu yakining'inia. Bolti hukazwa hapo hapo, kazi ikaonekana imekwisha. Gari likishushwa, amu hupanda hadi mahali pake pa kawaida na raba iliyobanwa hujipinda; baada ya miezi michache huchanika, na mteja hurudi na mlio ule ule. Bolti zile zinapaswa kukazwa kwa mwisho magurudumu yakiwa ardhini, na uzito wote wa gari ukiwa juu yake.

Spea zilipokosekana, ubunifu ulijaza pengo. Bushi zilikatwa kutoka kwenye matairi makuukuu, zikachongwa kwa kisu au leith na kupigwa nyundo hadi zikaingia. Zilipitisha mtikisiko kwenye fremu, lakini zilimfikisha mtu sokoni. Springi zilizokatika zilikwenda kwa wahunzi, zikarudi zikiwa mapanga na visu.

Leo shida imegeuka. Spea zimejaa, na nyingi ni bandia. Alama ya 555 ya Japani, inayoaminiwa na mafundi wa boljointi nchini kote, imeigwa mno hadi kisanduku chake peke yake hakitoshi kuwa ushahidi. Kenya ilitunga sheria ya bidhaa bandia 2008, lakini pale kwenye benchi ukaguzi hubaki wa mkono. Fundi hutoa boljointi mpya kwenye kisanduku na kuizungusha pini kwa vidole. Ikiwa ngumu, ikakubali kusogea kidogo kidogo bila kukwama, huipeleka chini ya gari. Ikiangukia upande kwa uzito wake yenyewe, huirudisha dukani kabla mteja hajaanza kuuliza bei ya kazi.