Majuto ya Mfalme Ashoka

Wazee walisema, Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Katika habari za dunia ni wachache wafalme walioshinda vita kisha wakajuta, na wachache zaidi walioyachonga majuto yao katika jiwe. Mmojawapo ni Ashoka, aliyetawala Bara Hindi katika karne ya 3 kabla ya kuzaliwa Kristo.

Miaka 8 baada ya kutawazwa aliipiga nchi ya Kalinga, iliyo pwani ya mashariki. Hesabu atupa mwenyewe: watu 100,000 waliuawa, 150,000 wakahamishwa, na wengine wengi wakafa. Basi moyo wake ukamchoma. Akayashika kwa bidii mafundisho ya Buddha, akatangaza kwamba ushindi ulio bora ni ule wa dhamma, yaani njia ya haki na huruma. Hata jikoni kwake, palipochinjwa wanyama wengi mno kila siku, wakabaki tausi wawili na paa mmoja, naye paa si kila siku.

Lakini neno lake kubwa lahusu dini za wengine. Katika nchi yake walikuwako Mabrahmana, Wajaini, Waajivika na wafuasi wa Buddha, na kama ijulikanavyo, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ashoka alifundisha kwamba mtu aitukuzaye dini yake kwa kuitweza ya mwenziwe, huidhuru ile yake mwenyewe. Wala hakusema tu: aliwapa Waajivika mapango ya kukaa katika vilima vya Barabar.

Hata hivyo tusimsifu kupita kiasi. Kalinga hakuiachia, na watu wa misituni aliwaonya kwamba, ingawa amejuta, nguvu ya kuwaadhibu angali nayo. Tena maandishi yale ya majuto hayakuchongwa katika miamba ya Kalinga yenyewe, kwenye wajane na yatima wa vita. Huko yaliwekwa maneno mengine, kwamba watu wote ni watoto wake.

Baadaye herufi zake zilisahauliwa kabisa, hata James Prinsep alipozifumbua mwaka 1837. Na tangu 1947 gurudumu la nguzo yake limo katika bendera ya India.

Basi, msomaji, tujifunze. Kukiri kosa mbele ya dunia nzima ni kazi ngumu; lakini kulikiri mbele ya yule uliyemkosea ni ngumu zaidi, na hapo hata mfalme mkuu alinyamaza.