Enzi ya Madarasa ya Ngumbaru

Miaka ya 1970, watoto wakishatawanyika mchana, madawati ya shule nyingi za msingi Tanzania yalipata wenyewe wengine. Hayo ndiyo yalikuwa madarasa ya ngumbaru, yaani ya kisomo cha watu wazima: waliingia wazazi wao, hata babu zao, wengine wakitokea shambani moja kwa moja. Akina mama walikuja na watoto mgongoni. Penye shule hapakuwa na shida ya chumba. Pasipo na shule, kivuli cha mwembe kilitosha.

Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere alishalisemea jambo hilo tangu 1964, katika Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano: watu wazima ndio waelimishwe kwanza, kwa sababu elimu ya watoto ingechelewa miaka 5, 10, hata 20 kuleta tija. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya 6, Mafia na Ukerewe zikiwamo, zikatakiwa kufuta ujinga kabla ya 1971 kwisha.

Lakini mtu mzima haitiki wito kwa kuwa ametangaziwa. Ana shamba, ana wageni, ana msiba wa jirani, na ana aibu ya kushika chaki mbele ya mwanawe. Kilichowavuta wengi ni kisomo chenye manufaa, kilichojaribiwa kwanza mikoa ya Kanda ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO kuanzia 1968. Mkulima wa pamba alijifunzia herufi kwenye kitabu cha pamba, mvuvi kwenye cha uvuvi, mwenye migomba kwenye cha migomba. Mkulima aliyejua tarakimu aliweza kuukagua mwenyewe mzani siku ya kuuza pamba, na mama aliyejua kusoma hakulazimika tena kumpa jirani barua ya mumewe amsomee. Faida za namna hiyo mtu huziona msimu huohuo.

Redio nayo ilifanya kazi kubwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi. Walisikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kando ya nyumba.

Sifa zaidi wanastahili walimu wa kujitolea, wengi wao wakiwa na elimu ya msingi tu, waliofundisha kwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Mtihani wa taifa wa 1975 ulikuta wasiojua kusoma wameshuka hadi asilimia 39. Mwaka 1986 takwimu rasmi zilitaja asilimia 9.6.

Kisha uchumi ukayumba, na fedha za kisomo zikapungua. Waliohitimu walihitaji kitu cha kusoma mara kwa mara, kama gazeti la Elimu Haina Mwisho la Kanda ya Ziwa, na karatasi yenyewe ikawa adimu. Asiyesoma husahau. Sensa ya 2002 iliwakuta takriban watu 3 kati ya 10 hawajui kusoma. Wanaopanga kisomo leo na watenge fedha za magazeti na maktaba za vijiji sambamba na za madarasa, kwa maana hapo ndipo kazi ile kubwa ilipoanza kuvuja.