Harufu mbaya ya hita ya gari

Harufu mbaya ya hita ya gari ni harufu isiyo ya kawaida inayoingia ndani ya gari pamoja na hewa ya moto inayopulizwa kutoka kwenye dashibodi. Mara nyingi ni dalili ya hitilafu, na aina ya harufu humwonyesha fundi mahali pa kuanzia. Baadhi ya harufu hizo ni kero tu. Nyingine, hasa ya moshi wa injini, huashiria hatari kwa uhai.

Katika Afrika Mashariki hita hutumika zaidi nyanda za juu kama Njombe, Makete na Limuru. Pwani wengi hawaiwashi mwaka mzima, lakini feni na njia za hewa ndizo hizohizo zinazotumiwa na kiyoyozi, kwa hiyo sehemu ya maelezo haya inawahusu nao pia.

Jinsi hita inavyofanya kazi

Katika magari mengi ya petroli na dizeli hita haina moto wake yenyewe. Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, hufikia joto la nyuzi 90 hivi za selsiasi injini ikishapata moto. Hupitishwa katika mipira miwili hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa kupitia rejeta hiyo. Hewa kwa kawaida huvutwa kutoka nje kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, jirani kabisa na boneti. Ndiyo sababu harufu ya kitu kinachovuja juu ya injini huingia ndani hata kama hita yenyewe ni nzima.

Volkswagen Beetle ya zamani ilikuwa tofauti. Injini yake hupozwa kwa hewa, na hita yake huchukua joto kuzunguka mabomba ya moshi. Mabomba hayo yakitoboka, moshi huweza kuingia moja kwa moja kwa abiria.

Harufu tamu

Harufu tamu kama ya sharubati hutokana na kulanti inayovuja, kwa kuwa ndani yake mna glaikoli. Dalili nyingine ni zulia lenye unyevunyevu miguuni, kioo cha mbele kushika ukungu wenye mafuta usiofutika vizuri, na kulanti kupungua bila tone kuonekana chini ya gari. Kiasi chake kikaguliwe injini ikiwa baridi. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa injini ikiwa moto, maji yanayoruka huunguza vibaya.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa ughaibuni havilitaji sana. Madereva wengi wa kwetu hujaza maji ya bomba badala ya kulanti. Maji hayo yakivuja hayatoi harufu tamu, na dereva huona ukungu na zulia lililolowa tu. Tena maji matupu huharakisha kutu, na hivyo huenda ndiyo yaliyoitoboa rejeta.

Tiba ni kubadili mpira, kibano au rejeta ya hita yenyewe. Rejeta ni kazi ndefu, kwa sababu katika magari mengi dashibodi lazima ing'olewe. Dawa za kuziba matundu zinazomiminwa ndani ya rejeta hazifai kutegemewa, kwani huweza kuziba vijia vyembamba vya rejeta ya hita. Kwa muda, fundi anaweza kuunganisha mipira miwili ili kulanti isipite kwenye hita. Gari litatembea, ila bila joto la kukausha kioo. Kulanti iliyomwagika isiachwe chini: ethilini glaikoli ni sumu, na mbwa au mtoto huweza kuilamba kwa utamu wake.

Harufu ya uvundo

Uvundo kama wa soksi mbichi, unaosikika zaidi dakika za kwanza, husababishwa na kuvu wanaoota penye unyevu. Chanzo cha unyevu ni kipozeo cha kiyoyozi, hasa mrija wake wa kutolea maji ukiziba. Mrija uzibuliwe, kipozeo kisafishwe kwa dawa yake, na filta ya hewa ya ndani ibadilishwe. Filta hiyo mara nyingi iko nyuma ya droo iliyo mbele ya abiria. Si magari yote yanayo. Kuzima kiyoyozi dakika chache kabla ya kufika na kuiacha feni ikizunguka husaidia kukausha. Manukato ya kuning'iniza hayaondoi kuvu. Uvundo mkali wa mzoga kwa kawaida ni panya aliyefia kwenye feni au njia ya hewa.

Harufu ya kuungua

Hita iliyokaa miezi bila kuwashwa huunguza vumbi, na harufu huisha baada ya muda mfupi. Oili inayodondokea bomba la moshi, mara nyingi kutoka gasketi ya kifuniko cha valvu, hunuka zaidi gari linaposimama kwenye foleni. Harufu ya plastiki au nyaya ni jambo jingine: zima feni mara moja, na moshi ukionekana zima injini na utoke. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa yenye ampea kubwa zaidi.

Petroli na moshi wa injini

Harufu ya petroli hudai gari lisimamishwe, lizimwe na lisiwashwe tena hadi mvujo upatikane.

Moshi wa injini ndani ya gari ni hatari kubwa kuliko zote. Una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo kupungua kwa harufu hakuthibitishi usalama. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata abiria wa gari moja kwa pamoja, wote watoke kwenye hewa safi na wapelekwe hospitali. Fundi akague bomba la moshi kuanzia kwenye injini hadi mwisho, pamoja na mpira wa mlango wa nyuma, maana moshi huingilia huko pia.

Kupima chanzo

Kwa harufu zisizo za hatari, swichi ya kuzungusha hewa ya ndani ni kipimo rahisi. Harufu ikipungua hewa ya nje inapofungwa, chanzo huelekea kuwa chini ya boneti au nje ya gari. Ikibaki au kuzidi, kitafutwe kwenye rejeta ya hita, filta au kipozeo.