Watoto Wanaoinama Mbele ya Sahani: Kifafa cha Maridi

Mei 2011, Juba, Sudan Kusini, ikijiandaa kwa sherehe za uhuru za Julai 9, wataalamu wa Marekani walioombwa na Wizara ya Afya walikuwa Witto na Maridi, magharibi mwa jiji. Huko kulikuwa na watoto walioinamisha vichwa mara kwa mara kama waliolemewa na usingizi, hasa wakiwekewa chakula. Wengi baadaye walianguka kifafa, wakaacha shule, na kimo kikadumaa.

Mahenge, Tanzania, waliujua ugonjwa huo zamani. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliwaona watoto wa namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaanzisha kliniki ya kifafa.

Siri ya kinachotokea kichwani mwa mgonjwa wa kifafa ilianza kufunuka mwaka 1921. Otto Loewi, akiwa Graz, Austria, aliichochea neva inayopunguza mapigo ya moyo wa chura, kisha akayahamishia majimaji yake kwenye moyo wa chura mwingine. Nao ukapunguza mapigo. Kumbe neva hutuma ujumbe kwa kemikali. Katika ubongo, glutamati huziamsha seli, na GABA, iliyogunduliwa humo mwaka 1950, huzituliza. Mwamsho ukiuzidi utulivu, seli nyingi hulipuka kwa pamoja, na mtu hushikwa na kifafa. Fenobabitali, iliyoanza kutibu kifafa mwaka 1912, huiongezea GABA nguvu.

Je, nini kimeivuruga mizani hiyo Maridi? Kati ya watoto wagonjwa 38 waliochunguzwa mwaka 2011, 29 walikuwa na minyoo ya usubi. Kati ya wenzao wazima 38, waliokuwa nayo ni 18. Minyoo hiyo huenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana penye maji ya kasi, na Maridi walijaa kwenye bwawa la mji. Dawa yake, ivamektini, nayo hupitia njia ya glutamati: hufungua milango ya neva na misuli ambayo minyoo inayo na binadamu hana, vijiminyoo vikapooza.

Wenyeji wamekwisha kufyeka majani bwawani, na inzi wakapungua. Juba nayo ina wajibu wake: ivamektini isikose mwaka hata mmoja, na fenobabitali isikose siku hata moja. Mtoto anayeinama mbele ya sahani hawezi kungoja barabara ikauke baada ya mvua ndipo dawa ifike.